Kapiteni na Nyayo za Kiboko

Kapiteni alikuwa mutu wa kwanza niliyemuona akigombeza kiboko kwa Kifaransa.

Ilikuwa asubuhi. Tumefika ku kiwanja ya gofu, kule chini karibu na ziwa, tunakuta kiboko bado anasimama katikati ya majani. Usiku umeisha, lakini yeye hajaona sababu ya kurudi mu maji. Sisi wote mbio nyuma ya gari. Kapiteni akabaki pale, kravati shingoni, sandali miguuni, akamunyooshea mwavuli: "Monsieur! Hapa tunaanza saa moja! Saa moja kamili!" Kiboko akamuangalia kama mutu anayetafuta jibu, akageuka, akaenda zake polepole. Kapiteni akatugeukia. "Mumeona? Ukiwa na haki, hata kiboko anakupisha." Kiisha akaenda nyuma ya jengo, akatapika. Mi njo nilimushikia mwavuli, kwa hiyo najua.

Ukitaka kumujua huyu muzee, chukua yote mbili, mwavuli na kule nyuma ya jengo. Watu wengi waliona mwavuli tu. Mi namupenda, na mpaka leo sijui kama namusamehe kwa jambo alilomufanyia mutoto mumoja wa mutaa wa Musaga. Nitalisema, lakini muniache nizunguke kidogo. Mambo ya kuuma siwezi kuyaendea moja kwa moja. Hata mupira yangu haiendagi moja kwa moja.

Jina yake sitasema. Hata sisi hatukuwa tunaitumia. Kapiteni, basi. Hakuwa wa jeshi wala wa meli. Ku gofu, ekipe, maana yake timu, ya inchi ikienda kushindana na ekipe za majirani, kunakuwa mutu mumoja ambaye hapigi mupira. Kazi yake ni kuchagua nani acheze, nani atangulie, nani afuate, kubeba maji, na kulaumiwa. Miaka yote niliyomujua, yeye alikuwa huyo mutu wa ekipe ya vijana. Sisi tulikuwa amateur, maana yake tunacheza bila kulipwa. Mi kwa upande wangu nimekuwa amateur mu kila kitu. Shule niliishia dixième, mwaka wa kumi, ndoa niko bado ku mazoezi, na sasa natengeneza feni kule Gihosha. Wateja wangu ni waaminifu sana. Feni ikitoka kwangu, haikawii inarudi.

Ekipe ilikuwa na wachezaji wane. Wawili walikuwa ndugu, vijana wa Gihosha, wanacheza vizuri na hawasemi kitu, kwa hiyo nami nitawaacha hivyo hivyo. Wa tatu nilikuwa mimi. Kapiteni alinipa jina Virgule, juu nikisimama mbele ya mupira najikunja kama ile alama ndogo ya kupumzikia mu sentensi. "Virgule," alikuwa ananiambia, "wewe ukipiga, watu wote wanapumzika." Wa ine alikuwa Odette wa Musaga, mudogo kuliko sisi wote, na huyo njo alikuwa ekipe. Sisi wengine tulikuwa tunamusindikiza.

Mama yake alikuwa anafanya kazi mu jikoni ya kiwanja. Mutoto akitoka shule anamungojea nyuma, pale wanapoanika sahani, na kwa kungojea akajizoeza kupiga ndimu na fimbo ya ufagio. Siku moja Kapiteni anapita, ndimu ikamupitia karibu na sikio. Akasimama. Akasema, "Piga ingine." Ingine ikapita palepale. Akamwambia, "Ya kwanza nilifikiri ni adabu mubaya. Ya pili naona ni kipaji."

Mama Odette alikataa. "Gofu ni mambo ya wanaume wenye matumbo," alisema. Kapiteni akaanza kwenda Musaga kila Jumapili kiisha misa, anakaa ku kiti ya mbao inje ya nyumba, anakunywa chai ya maziwa, anaongea habari za mvua. Habari za gofu hasemi. Mama njo alichoka wa kwanza.

"Muzee, we unataka nini hapa kwangu?"

"Mutoto. Nitamurudisha namuna nilivyomuchukua."

"Apana! Nikikupa mutoto, unirudishie na kitu juu. Namuna nilivyokupa, hiyo ninayo tayari."

Kapiteni alipenda hiyo jibu mpaka akaanza kuitumia yeye mwenyewe, kama ilitoka kwake.

Sifa alikuwa anazibania kama mutu anayegawa chumvi wakati wa shida. Odette anaweza kupiga mupira ikavuka miti, ikavuka mufereji, ikaanguka na kulala karibu na shimo kama mbwa amefika nyumbani. Kapiteni atasema, "Haiko mubaya." Basi. Mimi nilipata "haiko mubaya" mara moja, na nilipochunguza vizuri nikakuta alikuwa anasifu sambusa aliyokuwa anakula.

Lakini kwa kula, hakuwa na ubahili. Wachezaji wakubwa wa kiwanja, wale wa magari, walikuwa na meza yao. Kapiteni alikuwa na haki ya kukaa pale. Alikuwa anachukua sahani yake ya ndagala, vile visamaki vya ziwa, anakuja kukaa na sisi na watu wa kukata majani, na ukimaliza yako anakusukumia yake. Watu wa kukata majani tulilazimishwa kuwasalimia kwanza, mbele ya wakubwa. "Hawa njo wenye kiwanja," alikuwa anasema. "Wale wengine wanapita tu."

Alikuwa na namuna yake ya kufundisha kuhesabu. Ku gofu hakuna mutu anakuchunga. Mupira yako inaweza kuwa mu kichaka, wewe peke yako na Mungu, na ni wewe utakayesema umepiga mara ngapi. Kapiteni hakuamini mutu na Mungu peke yao. Kwa hiyo ekipe yetu ilikuwa inahesabu kwa sauti. Ukipiga, unapaaza: "Moja!" Ukipiga tena: "Mbili!" Kiwanja nzima inasikia. Kwa Odette ilikuwa sawa, alikuwa anafika mbali na hesabu ndogo. Mimi nilikuwa nasikika "ine, tano, sita" kutoka mu mashimo ya mchanga, sauti inazidi kuwa nyembamba, mpaka wazungu wamoja waliuliza kama kuna shule ya watoto karibu.

Maneno yake tuliyajua kwa kichwa. Moja ilikuwa "Majani haina mujomba," maana yake pale hakuna wa kukupendelea juu ya ukoo. Ingine ilikuwa "Njiani danganya, ku majani usidanganye." Na hiyo aliifuata kweli, yote mbili. Njiani alikuwa muongo wa kupigiwa mufano. Bibi yake nyumbani alikuwa anaamini bwana wake ni mukubwa mu chama ya Wakristo inayokutana kila Jumamosi mbele ya jua kutoka. Na safari yetu ya mwisho ya kwenda kushindana kwa majirani, ku mpaka, afisa alitazama fimbo zetu ndefu mu mifuko akaanza kutuangalia vibaya, Kapiteni akamwambia, "Chef, hii ni ekipe ya inchi. Hawa wachezaji, na huyu ni daktari wetu." Alikuwa ananionyesha mimi. Afisa akafurahi sana, akaniambia mugongo yake inamuuma tangu Pasaka. Nikamushika hapa na pale, nikamwambia akunywe maji mingi na asilale upande wa kushoto. Alitupigia muhuri wote.

Mu basi nilimuuliza, "Kapiteni, ile si dhambi?"

"Njiani, Virgule. Njiani ni mafuta tu ya kusukuma gari."

Tulicheka mpaka Odette akakohoa. Nakumbuka hiyo kicheko juu haikurudi tena.

Sasa nifike. Kiwanja yetu ina sheria moja ambayo wageni wakiisikia wanafikiri tunawatania. Kiboko akitembea usiku ku majani, asubuhi anaacha mashimo. Nyayo moja ya kiboko unaweza kupikia maharagi. Mupira ikiingia mule, huwezi kuipiga. Kwa hiyo wazee wa kiwanja waliamua hivi: ukikuta mupira yako mu nyayo, unaiinua, unaipanguza, unaiweka pembeni, unapiga, hakuna penalite, hawakuongezei hesabu. Kapiteni alikuwa anatufundisha hiyo siku ya kwanza, kabla hata ya namuna ya kushika fimbo. Alikuwa anaipenda. "Kwetu," anasema, kidole juu, "mutu halipi kosa ya kiboko." Tuliijua kama Baba Yetu Uliye Mbinguni. Mukono ilikuwa inaifanya yenyewe, bila kichwa.

Na hapa ujue jambo moja. Mbele ya ile safari, komite ya kiwanja ilimuita Kapiteni. Alitoka mule ndani kravati imeenda upande. Akatuambia palepale ku ngazi, hakuficha: "Tukiwa wa mwisho tena, hakuna ekipe ya vijana. Wamechoka. Wamesema hivyo." Kiisha akamuangalia Odette kidogo, akatazama pembeni haraka. Wote tulielewa. Sisi watatu tungepata mambo ingine ya kushindwa. Odette alikuwa na hiyo tu. Na Kapiteni, mi naona, alikuwa na Odette tu.

Ile kiwanja ya majirani ilikuwa milimani, baridi ya kukata maskio. Pale hakuna kiboko. Kuna ng'ombe. Wenyeji wanapitisha ng'ombe zao kwenye majani kwenda kunywa maji, tangu zamani, na hakuna wa kuwazuia. Siku ya kwanza na ya pili tulicheza kama watu. Hesabu za wachezaji wote wane wanazijumlisha, na hata pamoja na zangu tulikuwa tunashinda ekipe moja. Ekipe moja tu, na kidogo. Lakini moja inatosha, si ndiyo? Wa mbele ya mwisho si wa mwisho.

Siku ya mwisho mi nilitangulia kucheza, juu Kapiteni alikuwa anapenda kumaliza mabaya mapema. Nikamaliza, nikaja kutembea naye nyuma ya Odette. Odette alikuwa anacheza ile siku… sitajaribu kusema. Kapiteni alikuwa hasemi hata "haiko mubaya." Alikuwa anapumua tu.

Karibu na kumaliza, mupira ya Odette ikaanguka pazuri kabisa, lakini mu nyayo ya ng'ombe, shimo ya matope. Wale waliokuwa wanacheza naye walikuwa mbali wanatafuta yao mu miti. Odette akafika. Akainama. Akaiinua, akaipanguza ku sketi, akaiweka pembeni, akapiga. Akapaaza hesabu yake. Sauti safi kabisa, bila wasiwasi.

Mimi niliona, na nikaona sawa. Ningefanya hivyohivyo. Ningeshukuru hata.

Kapiteni akasimama. Nilifikiri ni kifua. Rangi yake ilikuwa imebadilika.

"Virgule. Umeona?"

"Nimeona. Pigo nzuri."

Akasimama pale muda murefu kuangalia kule mutoto anaenda, mugongo yake ndogo na ile mufuko. Kiisha akageuka, akaenda kwa mwamuzi.

Niliyasikia yote, juu nilimukimbilia nyuma. Ile sheria yetu haiko kwa wengine. Ni ya kwetu tu, ya kiboko, ya kiwanja yetu. Kwingine nyayo ya munyama ni bahati yako mubaya, unaipiga mule mule. Kuinua na kusogeza ni penalite ya mapigo mawili. Mwamuzi alikuwa muzee mupole, akauliza, "Nani mwingine ameona?" Kapiteni akasema, "Haina maana. Mi nimeona." Kapiteni wa ekipe ingine, mama mumoja mwenye miwani, akamushika mukono: "Mwenzangu, ni mutoto. Nyamaza tu." Akasema, "Nikinyamaza hii, hesabu yote inaoza."

Odette alipofika ku shimo ya mwisho anacheka, meno yote inje, wakamwambia.

"Kapiteni, nimefanya nini?"

"Umesogeza mupira."

"Lakini ilikuwa mu nyayo…"

"Majani haina mujomba, Odette."

Basi. Hayo njo maneno yote aliyompa. Tulikuwa wa mwisho kwa pigo moja.

Jioni, mu kula, watu wa ekipe zingine walikuwa wanamuonyesha kwa kidevu: yulee, anayesogeza mupira. Kurudi mu basi, njia yote, Odette alitazama dirisha. Ndugu wawili walinyamaza kama kawaida, lakini ile kunyamaza ilikuwa na uzito. Mi nilijaribu kicheko kimoja. Sitakirudilia hapa.

Huku kwetu maneno yalitangulia basi kufika. Unajua namuna maneno yanavyosafiri mu muji hii. Chini ku ziwa ilikuwa "alisogeza mupira." Kufika katikati ya muji ikawa "aliiba mupira." Kufika Musaga ikawa aliiba mufuko wa mama mumoja muzungu na ekipe nzima ikafukuzwa. Mama Odette alikuwa anaimba mu korali, sauti ya kwanza, ile inayotangulia zingine. Jumapili moja akasikia nyuma yake, "Mama ya mwizi ana koo nzuri." Alimaliza wimbo. Jumapili iliyofuata hakwenda, na iliyofuata hakwenda. Ku jikoni ya kiwanja pia akaacha.

Na Kapiteni? Komite ilimuita tena. Wakasimama wote, wakamupigia makofi. Mutu wa haki, walisema. Mutu anayesema ukweli hata juu ya wake. Mu mukutano ileile, kiisha makofi, wakafunga ekipe ya vijana. Mi nilikuwa ku mulango, nilikuwa nimetumwa kuleta viti. Nilimuona anainamisha kichwa, anashukuru.

Ile shukrani njo imenisumbua. Kusema ile penalite, naweza kuelewa. Kila mutu anayecheza ataelewa, hata kama inamuuma. Lakini kulikuwa na neno moja ingine ya kusema, na hakuisema, si kwa mwamuzi, si kwa komite, si kule Musaga. Kuinua mupira mu nyayo, sisi tulijifunza kwa nani?

Kuanzia pale alififia. Alikuja ku kiwanja mara kidogo, kiisha hakuja. Nilisikia bibi yake amefariki, na yeye amehamia Gasenyi kwa binti yake. Miaka ikapita, nikajifunza feni.

Mwaka huu binti yake akanipigia simu: kuna feni imekufa, kuna muzee anasumbuliwa na joto. Nikaenda. Nikamukuta ku kiti, mwembamba, kola ya shati inamuzunguka shingo bila kuigusa.

"Virgule."

"Kapiteni."

"Wanasema we ni fundi."

"Wanasema hivyo wale ambao feni yao haijarudi."

Hakucheka. Akaniacha nifungue feni, nitawanye vyuma chini, mpaka nikawa siwezi kukimbia. Kiisha akauliza:

"Ile sheria ya nyayo za kiboko, nani alikufundisha?"

Nikashika bisibisi. "Wewe."

"Nilikwambia kama ni ya kwetu tu?"

Ningeweza kudanganya. Tulikuwa njiani, tuseme. Lakini uso yake haikuwa ya njiani.

"Apana, Kapiteni. Hukutuambia."

Akaitika na kichwa, kama mutu aliyeleta hesabu yake kwa mutu mwingine na hesabu ikalingana. "Nilisahau," alisema. "Miaka yote sikuwaza kama tutakuta nyayo ingine. Nilijua palepale, Virgule, kabla ya kufika kwa mwamuzi. Nilitembea ile njia yote nikijua. Nikasema kosa yake, yangu nikaimeza."

"Kwa nini?"

"Walikuwa wananiangalia."

Feni ilikuwa bado mu vipande kati yetu. Kiisha akauliza kama najua Odette anakaa wapi sasa. Najua, nikasema, anasuka nywele, palepale Musaga, ku barabara. Akasema, "Nipeleke." Nikamwambia namaliza feni kwanza. Akasema, "Virgule, hiyo feni haitapona." Alikuwa na haki.

Saluni ya Odette ni chumba moja, kioo moja, viti viwili na benchi. Tulipofika alikuwa anamusuka mama mumoja wa soko, upande moja wa kichwa imeisha, ingine imesimama juu. Huyo mama majirani wanamuita Radio, na sina haja ya kueleza. Odette amekuwa mwanamuke, mabega ya gofu bado anayo. Hakusimamisha mikono.

"Virgule. Umeniletea nani?"

"Si unamuona."

"Namuona. Nauliza kama naye ananiona."

Kapiteni akavua kofia. "Bonjour, Odette."

"Karibu, Muzee."

Muzee. Hakusema Kapiteni. Ilimuingia, nilimuona.

"Nilitaka kuongea na we kidogo," akasema. "Tutoke inje?"

"Nina muteja. Sema hapa."

"Ni mambo ya sisi wawili."

"Ile siku ilikuwa ya sisi wawili? Ulisema mbele ya watu. Sema hapa."

"Sema tu, baba," Radio akasema, "mi sisikii, nywele imenifunika maskio." Na akageuza kiti apate kusikia vizuri.

Kapiteni akashika benchi.

"Ile sheria ya nyayo za kiboko ni ya kiwanja yetu peke yake. Kwingine haiko. Mi nilijua, sikuwaambia. Ile mupira uliiinua namuna nilikufundisha. Mbele ya mwamuzi ningesema, 'Ni kosa yake, na mwalimu wake ni mimi.' Sikusema. Nilirudi huku, wakanipigia makofi, nikayachukua."

Mikono ya Odette ikasimama. Radio njo aliuliza:

"Kumbe hakuiba kitu?"

"Hakuiba kitu," Kapiteni akasema.

"Na ile mufuko ya muzungu?"

"Mufuko gani?"

"Yampayinka we! Miaka yote mi nimekuwa namusema huyu mutoto na mufuko!" Akajipiga mudomo. "Odette, usinivute sasa, nimeungama."

Odette hakumusikia. "Kwa nini leo, Muzee? Unaumwa? Kama unataka kufa vizuri, nenda kwa padri."

"Kwa padri nilienda. Amenituma huku."

Kidogo acheke. Niliona mudomo yake inaanza, akaikataa.

"Nikwambie kitu," akasema, na sauti ilikuwa ya chini, bila hasira, na hiyo njo ilikuwa mubaya. "Ile penalite ilikuwa ya haki. Hata ungejisema, tungeshindwa vilevile, na ekipe wangeifunga vilevile. Hiyo nilimaliza kuilia zamani. Lakini mi nilirudi kama mwizi, na we ukarudi kama mutakatifu, na tulikuwa mu basi moja. Ulinipa mugongo njia nzima. Ungegeuka tu."

"Ndiyo," Kapiteni akasema.

"Ni hiyo tu? Ndiyo?"

"Sina ingine, Odette. Ni ndiyo."

Hapo nikaona chumba imekuwa nzito sana, nikataka kusaidia. "Lakini unaweza kurudi ku gofu, si ndiyo? Mi bado nina fimbo zangu…"

"Virgule, nyamaza," walisema wote wawili pamoja.

Odette akachukua kitana, akagawa nywele ya Radio, akakosea mustari, akarudilia. Kapiteni akaweka kofia kichwani, kama mutu anayetafuta namuna ya kuaga. Akageukia mulango.

"Unaenda wapi?" Odette akauliza.

"Nimesema nililokuja kusema."

"Mi nimekusikia. Lakini si mimi niliyeacha kuimba. Mama anatoka soko hii saa, anapita hapa. Kaa."

Kapiteni alikuwa mutu ambaye, miaka yote ile, alituonyesha mahali pa kukaa. Akakaa pale alipoambiwa. Mi nikasema nina feni inaningojea Gasenyi. Akanishika shati bila kuniangalia, nikakaa naye.

Tulingoja. Radio hakuuliza kama kichwa yake itaisha leo. Watu walipita inje, na kila mwanamuke aliyepita Kapiteni alikuwa anainua macho, anayarudisha. Hakusema neno moja ya hekima.

Kiisha Odette akasema, bila kugeuka, "Yulee."

Mama Odette alikuwa anapanda barabara na kikapo ya mboga za lengalenga ku mukono, upande wa pili, pole, kama mutu aliyechoka kawaida. Nikampa Kapiteni mukono kumuinua. Akaisukuma. Akasimama peke yake, mara ya kwanza haikufaa, mara ya pili ikafaa. Mama akageuza kichwa, akamuona ku mulango ya binti yake. Hakusimama, lakini akapunguza mwendo.

Kapiteni hakumungojea aingie. Akatoka inje, mu jua, akavuka barabara kumukuta pale kati ya watu, mbele ya duka la muhogo na vijana wa pikipiki. Radio akaruka kwenye kiti na ile nusu ya kichwa, akajaza mulango. Odette hakwenda. Alibaki na kitana mu mukono, mugongo ku kioo, anasikiliza Kapiteni akipaaza kosa yake kule inje, kama tulivyokuwa tunapaaza hesabu.